Hori la Reer Kulow

Mji wetu unaitwa Doonley, yaani mahali pa maboti, na ukitaka kuona boti hapa itabidi uitazame kalenda iliyotundikwa dukani kwa Fartun. Mto Tana wenyewe ulituhama. Mafuriko makubwa ya mwaka wa sitini na moja yaliuchukua yakaulaza kilomita tatu upande wa machweo, tukaachiwa gati la mawe linalotazama vichaka vya mathenge. Mbuzi hupumzika juu yake mchana kutwa, na wageni wanaotoka Garissa huuliza kwa upole ni nani aliyejenga gati jangwani. Sisi hatuoni ajabu. Tumezoea kujibu kwamba zamani meli ya moshi ya serikali ya Waingereza ilikuwa ikipanda kutoka Kipini na unga, sukari na barua, ikishuka na ngozi na pembe, na kwamba Doonley ilikuwa bandari wakati miji mingine inayojivuna leo ilikuwa bado kichaka.

Mimi ni Rukiyo Abdiwahid, mwalimu wa historia katika shule ya upili ya hapa. Kabla hujasikia kwa wengine, acha nikwambie mwenyewe: nina hasira za karibu. Marehemu mama alikuwa akisema nilizaliwa nikigombana na mkunga. Basi mwaka huu, kiangazi kilipoanza kubana, alifika shuleni Bwana Komora, Mpokomo wa huku chini mtoni, afisa wa turathi, mtu mpole mwenye kitambi na miwani. Alikuwa akizunguka miji ya zamani ya kando ya mto kuweka mabango ya historia.

"Mwalimu, nataka aya tatu tu," aliniambia. "Bandari ilikuwaje, meli ilikuwaje, na lile hori la chuma lilitoka wapi. Wiki mbili kutoka leo utayasoma maandishi mbele ya watu, mwenye pingamizi aseme, kisha fundi ayachonge."

Nikakubali haraka, tena kwa kiburi. Hori lile lilikuwa la kwetu, na nilidhani naijua hadithi yake kuliko ninavyoijua shuka yangu.

Hori hilo ni nusu ya tishari, lile boti bapa lililokuwa likivutwa na meli na kubeba mizigo. Lina urefu wa hatua kumi, limefukiwa ardhini hadi mabegani, na bomba la kisima linamimina maji ndani yake. Ngamia wa Doonley yote hunywa hapo. Hadithi niliyolelewa nayo ni hii: meli ilipoacha kuja, tishari likabaki limekwama topeni, babu yangu Kulow alikuwa mtu wa kwanza kuligusa. Akakitia motoni chuma chake cha kuchapia ngamia, akalichapa alama ya ukoo wetu puani, ambayo ni duara lenye mstari katikati na mkia chini. Kwetu mnyama mwenye alama ana mwenyewe, na mjadala umekwisha. Kwa miaka zaidi ya sitini hakuna aliyesimama akasema kwamba tishari si mnyama. Likaitwa hori la Reer Kulow, watu wa nyumba ya Kulow, na ngamia wetu wakawa wanakunywa kwanza.

Usidharau jambo hilo. Wakati wa jilaal, kiangazi chetu kikali, anayenywesha kwanza amemaliza saa mbili asubuhi na wanyama wake wanarudi malishoni kukiwa bado na ubaridi. Wa mwisho anangoja mpaka alasiri, juani, ngamia wakilia. Baba yangu, Mzee Abdiwahid, ana ngamia arobaini na wawili, na sijawahi kumwona akingoja. Kila asubuhi husimama kwenye pua ya hori, mkono ukingoni juu ya ile alama, akisalimia watu kama bwana harusi. Alama hiyo, husema, ina umri wa mababu kumi na mmoja, na ukimpa nafasi atakuhesabia wote.

Mzee Keynan, aliyekuwa naye chuo cha Kurani, ndiye pekee aliyekuwa akimchokoza.

"Abdiwahid, nami nikilichapa jua alama yangu, litakuwa langu?"

"Lichape kwanza," baba alikuwa akimjibu, na ngamia wake wakaendelea kunywa.

Sasa, kila mwaka hori hukaushwa kwa siku moja, likatolewa tope na kusuguliwa. Siku hiyo nilikwenda na wanafunzi wangu wa kidato cha pili, nikajipangia pua ya hori, kwa sababu nilitaka kuipima alama niiandike vizuri. Kwa kawaida huonekana nusu tu, nyingine imejaa ukoga na chokaa ya maji. Nikasugua kwa brashi ya waya, nikamwagia maji, nikapitisha kiganja.

Kiganja kikakwama. Nikapitisha tena. Alama ilikuwa imeinuka.

Mtoto yeyote wa mfugaji anajua maana yake. Chuma cha moto huzamisha. Ukimshika ngamia aliyechapwa, kidole chako kinaingia kwenye kovu. Hakuna moto wa kuni utakaochapa chuma mpaka chuma kivimbe kuelekea nje. Tena pembeni mwa alama kulikuwa na ribiti nne za kuungia chuma, maana ilikuwa juu ya kibati chake chenyewe, kilichomiminwa kiwandani na kupigiliwa hapo na watu ambao huenda hawakuwahi kumwona ngamia maishani mwao. Watu wa Doonley walikuwa wameiona alama kwenye kitu, wakauliza swali moja tu wanalouliza siku zote, mwenyewe ni nani.

Nilitaka kuamini nimekosea. Kengele ya shule yetu ni kipande cha chuma kinachoning'inia kwenye nguzo, nacho husemekana kilitoka kwenye meli. Nikakishusha mwenyewe, nikakigeuza, nikaikwangua rangi nyeupe ya upande wa nyuma. Duara, mstari, mkia. Nikaenda kwa Fartun, ambaye huzuia mlango wa duka lake usipigwe na upepo kwa kipande kizito cha chuma. Nikakilaza chali. Duara, mstari, mkia.

"Mwalimu, unatafuta nini chini ya mlango wangu?" Fartun aliuliza.

"Babu yangu," nikamjibu, nikaondoka kwa hasira akibaki mdomo wazi.

Hata kwa kupiga chuku namna gani, babu hakuzunguka mjini akichapa vizuizi vya milango. Alama ilikuwa ya meli. Lakini kama ilikuwa ya meli, ngamia wetu waliipata wapi?

Nilikwenda kwa Eddo Amino, dada mkubwa wa baba. Amekula chumvi nyingi, amefika themanini na saba, na ndiye mtu pekee aliyebaki Doonley anayeikumbuka vizuri ile meli. Nilimkuta akisuka mkeka wa kufunikia kibanda cha kuhamahama, vidole vikienda bila macho kuvifuata. Nikamweleza kila kitu kwa pumzi moja. Alicheka mpaka akaomba maji.

"Baba yetu alikuja hapa kwa miguu kutoka upande wa Elwak," akasema. "Yatima. Ukame ulimaliza mifugo ya kwao, kisha ukawamaliza na wao. Alikuwa mkata kuni wa meli. Ile meli ilikuwa inakula kuni, wallahi, haishibi. Mimi nilikuwa nampelekea chai pale gatini."

"Na ngamia?"

"Nahodha alikuwa anamlipa kitambaa. Akakusanya kitambaa miaka mingi, akabadilishana na mtu wa Modogashe, akapata ngamia jike mmoja, mzee, meno mabovu. Sasa watu wakamwambia, mchape alama ya baba yako. Yeye alibaki yatima mdogo sana, alama ya baba yake haikumbuki. Akaenda gatini, akaichora ile ya meli kwenye mchanga kwa kijiti, akamwambia mhunzi, nitengenezee hii. Mimi na hiyo alama tumezaliwa mwaka mmoja."

Nikakaa chini. Mababu kumi na mmoja waliondoka mbele yangu mmoja mmoja.

"Eddo, miaka yote hii, mbona hukusema?"

"Nani aliniuliza? Wanaume mkiwauliza historia wanahesabu majina. Baba hakupenda kusimulia kuni zake. Abdiwahid alizaliwa akakuta ngamia ishirini, akajaza mwenyewe pale palipokuwa patupu."

Nilimpata baba nyumbani akichonga koor, ile kengele ya mbao ya shingoni mwa ngamia. Mimi si mtu wa kuzunguka mbuyu. Nikamwambia alama imeinuka, nikamwambia kengele ya shule na kizuizi cha Fartun, nikamwambia kitambaa, ngamia mwenye meno mabovu na kijiti mchangani. Kisu kilisimama kwenye neno "mkata kuni" na hakikuendelea tena.

"Amino amezeeka," akasema hatimaye.

"Hajazeeka kiasi hicho, Aabo."

"Sogea hapo, unaniziba mwanga."

Nikasogea. Kisha akauliza, "Unajua ngamia arobaini na wawili wakingoja mpaka alasiri, wanarudi malishoni saa ngapi?"

"Najua."

"Na unajua Keynan atacheka miaka mingapi?"

"Mpaka afe."

"Basi andika ulichosomea. Serikali inakulipa ufundishe watoto ukweli, na mimi sikukusomesha uje uniandikie hadithi. Lakini siku ya kusoma, mimi nitakuwa Modogashe."

Nilitoka pale moyo unaniuma, na sioni aibu kusema. Ningependa kukwambia nilikuwa shujaa, lakini nilikuwa binti wa mtu. Nikaandika kwamba Doonley ilikuwa bandari, kwamba meli ilipanda na kushuka, kwamba kibati cha alama kilipigiliwa na waundaji wa tishari. Hilo sikulificha. Ila jina la babu sikuliandika hata mara moja. Nilijiambia ni heshima. Watu watajua alama si yetu, zamu itapotea, lakini angalau hakuna atakayejua kwamba Reer Kulow walianza na shoka na mzigo wa kuni mgongoni. Nililiona jambo hilo kuwa la busara sana, na nililala nimeridhika.

Siku yenyewe ilifika. Viti vya plastiki vilipangwa kando ya hori, Bwana Komora akavaa koti, na watu wakajaa kuliko siku ya idi, maana Fartun alikuwa ameshasambaza kwamba Mwalimu Rukiyo anamtafuta babu yake chini ya milango. Mzee Keynan alikaa mstari wa mbele, ndevu zimepakwa hina mpya. Nikamtafuta baba kwa macho na sikumwona, nikamshukuru Mungu, nikaanza kusoma.

Nilikuwa katikati ya aya ya pili nilipomwona. Alikuja akitembea taratibu kutoka upande wa barabara, kikoi safi, kofia nyeupe, fimbo begani. Modogashe hakwenda. Alisimama nyuma ya viti vya mwisho na hakukaa. Nikasoma mpaka mwisho, pamoja na kibati, ribiti nne na waundaji wa tishari.

Kimya kilikuwa kifupi sana, kwa sababu Mzee Keynan alikuwa amekingoja miaka sitini.

"Allahu akbar!" akaruka juu, na kwa umri wake kuruka si jambo dogo, akasema kwa kile Kiswahili cha wazee wetu ambacho p huwa b na v huwa f. "Nilisema! Si nilisema? Hiyo alama ni ya kiwanda! Basi hakuna wa kwanza hapa, tubige kura!"

Watu wakalipuka kwa vicheko na mabishano, kila mmoja akieleza jinsi alivyokuwa akijua siku zote. Bwana Komora akapiga makofi mpaka wakatulia.

"Kuna pingamizi juu ya maandishi?" akauliza kwa Kiswahili, lugha tuliyokuwa tukiitumia siku hiyo kwa ajili yake.

Fimbo ya baba ikainuka kule nyuma.

Akapita katikati ya viti, watu wakimpisha, mpaka akafika mbele. Hakusimama kwenye pua ya hori. Alisimama mbele yangu, kama mzazi aliyekuja shuleni kulalamika.

"Mambo ya kura, bigeni," alisema. "Hiyo sio shida yangu. Shida yangu ni hii karatasi." Akaigusa karatasi kwa ncha ya fimbo. "Mwalimu, umeandika meli ilikuwa ya moshi."

"Ndiyo, Aabo."

"Moshi inatoka wabi?"

"Kwenye moto."

"Moto inakula nini?"

"Kuni."

"Fizuri. Kwa karatasi yako meli inabanda, meli inashuka, inabeba sukari, inabeba barua ya Mzungu. Kuni nani alikata?"

Hapo ndipo nilipoelewa, na uso wangu ukawaka moto. "Watu wengi, Aabo," nikasema.

"Jina."

Hata Mzee Keynan alikuwa ameketi.

"Nilitaka kukuheshimu," nikamwambia kwa sauti ya chini.

"Sikiliza," akasema, si kwa ukali. "Mimi nilifanya baba yangu mtu mkubwa kwa uongo. Miaka sitini nimedanganya hawa watu, nimedanganya na mimi mwenyewe. Wewe umemfuta kabisa. Kati yangu na wewe, nani amemfanyia baba yangu mabaya?"

Maji ya bomba yalisikika yakimiminika horini.

"Hakuwa na baba, hakuwa na ngamia, hakuwa na alama," baba akaendelea, akiwageukia wote. "Alikuwa na shoka. Akakata kuni mbaka akabata ngamia moja, na kutoka hiyo moja nimekula, nimeoa, nimesomesha huyu mwalimu mwenye hasira. Nilikuwa naona aibu. Juzi nimeenda kwa Amino, nimekaa na yeye siku mzima, ameniambia yote. Aibu imeniisha. Bwana Komora, bingamizi yangu ni hiyo. Andika jina yake, na andika kazi yake."

Bwana Komora alivua miwani akaifuta. Kabla hajasema kitu, Mzee Keynan akainuka tena, safari hii taratibu.

"Kama mnaandika," alisema, akikohoa, "baba yangu mimi alikuwa anabeba hizo kuni mgongoni, kutoka kwa Kulow mbaka melini. Sijawahi kusema. Mwandike na yeye."

Baba akamtazama. Nadhani wazee wale wawili walikuwa hawajawahi kutazamana vile tangu chuoni. Kisha baba akaanza kucheka, Keynan naye, wakashikana mabega wakicheka mpaka kofia ya baba ikaanguka majini. Na kumbe watu walikuwa wakingoja ruhusa tu. Mama mmoja akapaza sauti kwamba bibi yake alikuwa akiwapikia mabaharia uji. Mwingine akasema wake alikuwa akivuta kamba meli ikikwama. Mwingine wake alikuwa akiwafukuza mamba kwa mawe, na akaapa kwamba ndiyo kazi pekee iliyokuwa ya hatari. Majina yakawa yanarushwa kutoka kila kiti, na Bwana Komora akiandika mbio akilalamika kwamba bango lina nafasi ya aya tatu, jamani, aya tatu tu.

"Agiza bango kubwa," nikamwambia, na nilimwambia kwa ukali, kwa sababu nilikuwa nimeanza kulia na sikutaka aone.

Nikaiweka karatasi juu ya ukingo wa hori, nikachukua kalamu. Baba alikuja akasimama nyuma yangu. Kusoma herufi zetu hajui, zile za Kurani tu, hivyo alifuata mkono wangu kwa macho mpaka ukasimama.

"Soma," akasema.

"Kulow, mkata kuni."

Akakiegemeza kidevu chake kwenye fimbo. Nilimsikia akivuta pumzi.

"Tena," akasema, na nikasoma tena.